Jibu la mtaalamu: Kwa nini kulungu hupotea msimu wa bunduki ukifunguliwa?

*Swali: Naishi Pennsylvania, Marekani, mwaka wa nne sasa, na nina leseni ya kuwinda. Sina shamba wala rafiki mwenye shamba, kwa hiyo nawinda kwenye State Game Lands, yale mapori ya jimbo yaliyo wazi kwa kila mwenye leseni. Septemba jioni huwa naona kulungu wengi kwenye uwanda ulio karibu na maegesho, wakiwemo madume wawili wenye pembe nzuri. Msimu wa bunduki ukifunguliwa, Jumamosi asubuhi nasikia milio kila upande, halafu kimya. Kuanzia Jumatatu sioni hata mkia. Mwaka jana nilikaa kwenye ulingo uleule Jumamosi mbili na siku tatu za likizo bila kuona kitu. Wenzangu kazini wanasema kulungu wamehamia mashamba ya watu, wengine wanasema wamekuwa wa usiku tu, na mmoja anasema ni mwezi. Je, niingie ndani zaidi, maili tatu hivi? Ninunue dawa ya kuua harufu? Au niachane na ardhi ya umma kabisa?*

Ndugu yangu, unauliza kulungu wamekwenda wapi. Jibu ni kwamba wengi wao hawajakwenda popote. Wako mita mia chache kutoka kwenye ulingo wako, na pengine wanakusikia ukifunga mlango wa gari. Kilichobadilika ni saa wanazotembea, aina ya kichaka wanacholala na umbali wanaothubutu kwenda mchana. Hayo matatu yakibadilika kwa pamoja, pori lenye kulungu linaonekana tupu.

Tukubali kwanza kwamba wengine wameuawa kweli. Katika msimu wa 2023–24 wawindaji wa Pennsylvania walivuna kulungu wapatao 430,000, na sehemu kubwa ya madume hupigwa siku za mwanzo za msimu wa bunduki. Wanaopigwa kwanza si wowote tu. Ni wale wanaotoka mapema jioni, wanaokatiza uwanda ulio wazi na wanaosimama kutazama kinachotembea. Kwa hiyo ikifika Jumatatu waliobaki ni wachache kidogo, na ni waangalifu zaidi kwa wastani, kwa sababu wazembe wameshaondolewa. Wawindaji wengi huona jambo hili na kusema kulungu "wamekwisha". Hawajaisha, ila unaowatafuta sasa ni kundi lenye tabia tofauti na lile la Septemba.

Kuhusu kuhama, kulungu mkia-mweupe, ambaye ndiye unayemwinda, ana makazi yake, eneo ambalo analijua kila shina na kila kijito, na haliachi kirahisi. Huko Oklahoma watafiti waliwavisha madume kola za GPS, mikanda ya shingoni inayoonyesha mnyama alipo, mwaka 2008 na 2009, wakaligawa eneo la utafiti: sehemu isiyowindwa, sehemu yenye mwindaji mmoja kwa ekari 250 hivi, na sehemu yenye mwindaji mmoja kwa ekari 75 hivi. Madume hawakuyahama makazi yao hata pale palipokuwa na watu wengi. Walichofanya ni kubana mwendo na kukimbilia vichaka, na nafasi ya mwindaji kuwaona ikashuka haraka baada ya siku za mwanzo. Wanaosema wanyama huhama wakiwindwa huwa wamesikia habari za elki, jamii ya kulungu wakubwa, wa majimbo ya magharibi kama Utah na Montana. Elki kweli hutembea kilomita nyingi na kuvuka kwenda ardhi binafsi bunduki zikianza kulia. Mkia-mweupe wa Pennsylvania hahitaji safari hiyo.

Wenzako wana ukweli wa upande mmoja, hata hivyo. Kama pori lako ni dogo, na mpaka wake unagusa shamba lisilowindwa, shamba hilo huenda tayari limo ndani ya makazi ya kulungu walewale. Kuvuka uzio kwao si kuhama, ni kuchagua chumba kingine cha nyumba ileile. Tazama ramani. Kama mpaka uko chini ya kilomita moja kutoka unapokaa, jua kwamba baadhi yao mchana wanalala upande wa pili, na utawapata tu kwenye njia wanazopitia kurudi.

Sasa hili la "usiku tu". Hapa ndipo wawindaji wengi hukata tamaa bila sababu. Kulungu ni mcheuaji. Hujaza tumbo haraka, hulala, hucheua, kisha lazima ainuke ale tena, na hufanya hivyo mara kadhaa kwa saa 24. Hakuna bunduki inayoweza kumfunga mdomo kuanzia alfajiri hadi magharibi. Anachokifanya anapotishwa ni kuufupisha mwendo wa mchana: anainuka, anajinyoosha, anakojoa, anakula chipukizi na majani ya vichaka vya miiba kwa mita 50 au 100, kisha analala tena, yote ndani ya kichaka. Mwendo mrefu wa kwenda kwenye mialoni au kwenye uwanda anausogeza hadi giza liingie. Kwa mtu aliyekaa pembeni mwa uwanda, kulungu huyo amekuwa wa usiku. Kwa mtu aliyekaa mita 80 kutoka malaloni pake, bado ni wa mchana.

Mwezi usikupotezee muda. Data za kola hazijaonyesha kwamba mwezi unabadilisha mwendo wa kulungu kwa kiasi cha kukufanya upange likizo yako kwa kalenda hiyo. Shughuli zao kubwa ni alfajiri na machweo, mwezi uwe mkubwa au mdogo.

Tuje kwenye jinsi wanavyojifunza, maana usipolielewa hili utabadilisha vifaa kila mwaka na matokeo yatabaki yaleyale. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, lakini kulungu hahitaji hata kuumwa. Tazama jike mzee anapokaribia mahali penye harufu ya mtu. Anasimama. Anainua kichwa, anakishusha kama anayetaka kula, kisha anakiinua ghafla kukukamata ukijongea. Anapiga kwato ya mbele chini, taratibu, mara mbili au tatu. Kati ya vidole vya kwato kuna tezi, na kila pigo linaacha harufu pale chini, onyo kwa atakayepita baadaye. Akithibitisha hatari anapuliza pua kwa nguvu, mkia mweupe juu, na watoto wake wa mwaka huo wamejifunza pamoja naye bila risasi kupigwa. Jike huyo anakumbuka mahali, saa na upepo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Auburn walilipima jambo hili kwenye msitu wa Brosnan huko South Carolina, kwa kulinganisha nyendo za madume wenye kola na kumbukumbu za nani alikaa kwenye ulingo upi, siku gani. Kadiri msimu ulivyosonga, madume waliukwepa mzunguko wa ulingo mchana na kuupitia usiku. Ulingo ulipokaliwa, ilichukua takriban siku 3 kabla hawajaanza kupita tena jirani kama kawaida. Na hayo yalikuwa mazingira yenye wawindaji wanaoratibiwa. Kwenye ardhi ya umma, ambako hujui nani alipita jana, siku 3 ni kiwango cha chini. Ulingo wako ulioukalia Jumamosi mbili na siku tatu za likizo ulikuwa umefundisha somo lake mwishoni mwa siku ya kwanza.

Shinikizo pia huanza kabla ya risasi ya kwanza. Wiki ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya mwishoni mwa Novemba, watu wengi wako likizo. Ijumaa, mkesha wa ufunguzi, wanaingia porini kuangalia njia, kutundika viti, kufunga utepe na kukata matawi. Jumamosi saa 10 alfajiri magari yanajaa maegesho, tochi zinapanda mteremko kwa mistari. Ukifika saa 12 ukakaa, kulungu wana saa mbili nzima za kujua kwamba leo si siku ya kawaida. Anayetoka ndani ya Hifadhi ya Serengeti kuingia mapori ya akiba ya pembeni ambako uwindaji unaruhusiwa huliona jambo hilohilo kwa swala: umbali wa kukukimbia unaongezeka ghafla ingawa nyasi ni zilezile.

Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kusoma ni watu. Utafiti uliofanyika kwenye misitu ya umma ya Pennsylvania ulionyesha kwamba wawindaji wengi hubaki karibu na barabara, hukwepa miteremko mikali, na hudhani wameingia ndani kuliko walivyoingia. Kulungu wanaijua ramani hiyo bila kuichora. Mradi wa Deer-Forest Study wa Chuo Kikuu cha Penn State, ulioanza 2013 na kuvisha kola kulungu wa misitu ya jimbo kama Rothrock na Bald Eagle, umekuwa na jike aliyejulikana kwa tabia moja: msimu wa bunduki ukifunguliwa alipanda mteremko mkali, akakaa huko mchana, mahali ambapo hakuna mtu angependa kupanda na bunduki mgongoni.

Chukua ramani ya mistari ya miinuko na picha ya satelaiti ya pori lako. Weka alama kwenye kila maegesho, kila lango, kila barabara ya huduma na kila njia ya zamani ya magogo. Zungushia kila alama duara la mita 800. Utashangaa jinsi maduara yanavyogusana. Kisha tafuta mapengo ya namna tatu. La kwanza ni lililo nje ya maduara. La pili liko ndani ya duara lakini linachosha au linachoma: mteremko mkali, kinamasi chenye kisiwa cha miti mikavu katikati, msitu uliokatwa miaka 5 hadi 15 iliyopita ambako miche imesongamana usione mita 20, au kichaka kizito cha loreli ya mlimani (mountain laurel). La tatu wengi hulipita: kipande kidogo kilicho karibu sana na maegesho, ng'ambo ya barabara kuu au nyuma ya kibao, ambacho kila mtu anakiacha nyuma akielekea "ndani". Ekari tano za miiba zilizo mita 150 kutoka kwenye magari zinaweza kulaza dume mzima msimu wote, mradi hakuna mtu anayezikanyaga.

Mapengo hayo uyakague Februari na Machi, msimu ukishafungwa, theluji ikiwa bado chini au majani yakiwa yamelala. Wakati huo ingia popote, mtimue unayemtimua, hakuna ubaya, ana miezi minane ya kusahau. Tafuta malalo: sahani ya mviringo iliyobonyea kwenye majani au theluji. Malalo mengi ya ukubwa tofauti pamoja ni ya majike na watoto. Lalo moja peke yake, refu zaidi ya mita moja na kitu, lenye mti uliosuguliwa pembe jirani na kinyesi cha siku nyingi tofauti, ndilo la kuwekea alama. Kaa chini ndani yake, kweli kaa, utazame anachokiona dume. Mara nyingi utakuta liko kwenye theluthi ya juu ya kilima, upande uliokingwa na upepo: upepo unapita juu ya mgongo wa kilima ukimletea harufu za nyuma, na macho yake yanatazama chini mbele. Hapo utaelewa kwa nini njia uliyopanda nayo mwaka jana ilikuwa mbele ya macho yake tangu mwanzo.

Katika ukaguzi huohuo andika alama za watu: pini zinazong'aa kwenye miti, utepe, matawi yaliyokatwa, vifuniko vya chupa, alama za viti kwenye magome. Mahali penye alama nyingi za kulungu na alama nyingi za watu ni pa usiku. Mahali penye alama za wastani za kulungu lakini bila alama hata moja ya mtu, ndipo mchana unapopatikana. Ukaguzi wa namna hii ukikupa mahali manne au matano, una msimu mzima mkononi.

Sasa Jumamosi ya ufunguzi. Siku hiyo usiwakimbie watu, watumie. Chagua mahali ambapo kulungu anayesukumwa kutoka upande wa maegesho lazima apite kuelekea kichakani: shingo ya kilima kati ya vilele viwili, ukanda mwembamba wa miti kati ya uwanda na kinamasi, au kibao cha ardhi tambarare katikati ya mteremko. Ingia kabla ya wengine, ukitokea upande ambao wao hawatokei, na ukae siku nzima. Nasisitiza siku nzima, na chakula, maji na nguo za kutosha. Mwanzoni mwa Desemba jua katikati ya Pennsylvania huchomoza saa 1 na robo asubuhi hivi na kuzama saa 11 kasorobo jioni, na sheria inaruhusu kuanzia nusu saa kabla ya kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Wawindaji wengi hupata baridi kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, wakainuka kurudi kwenye magari kunywa kahawa, kisha hurudi tena mchana. Hao wanaotembea ndio wanaowaamsha kulungu. Aliyebaki mahali pake saa hizo ndiye anayewaona.

Kuanzia siku ya pili kazi inageuka. Sasa unasogea karibu na malalo, mita 80 hadi 150 kutegemea unavyoona, na unakaa mahali pamoja mara moja tu kabla ya kupapumzisha. Ukiwa na siku tano na mahali matano, kila siku mahali papya. Najua inaumiza kuacha mahali pazuri baada ya kukaa mara moja. Lakini ulipoingia uliacha harufu kwenye kila jani ulilogusa goti, na kukaa kwa pili ni kwenda kumngoja mnyama aliyekwisha kupewa taarifa. Kama kazi inakubali, badilisha siku ya likizo iwe katikati ya wiki, Jumatano au Alhamisi, na usidharau siku ya mvua nyepesi au theluji inayoanguka, watu wengine wanapobaki nyumbani na majani hayapigi kelele.

Kuingia ndiko kunakoharibu zaidi kuliko kukaa. Egesha mbali na wengine kama inaruhusiwa. Mlango wa gari usukume kwa nyonga mpaka ubane, usiubamize. Koti zito lifunge kwenye mkoba utembee na shati, taratibu, ili ufike bila jasho. Kama kuna kijito, tembea ndani yake au kandokando, maana maji yanaficha sauti na hewa ya ubaridi inateremka nacho. Na hewa ndiyo ya kuizingatia kuliko utabiri wa simu: kwenye vilima, usiku na alfajiri hewa baridi hushuka bondeni, jua likipiga mteremko hewa huanza kupanda, na jioni kivuli kikifika inageuka tena kushuka. Mahali palipokuwa salama saa 1 asubuhi panaweza kukusaliti saa 4. Beba chupa ndogo ya unga mwepesi usio na harufu, au sufi za mimea, uachie kidogo kila nusu saa uone zinakoelekea.

Hapo nimeshakujibu kuhusu dawa ya harufu. Kuoga kwa sabuni isiyonukia na kufua nguo bila manukato kunasaidia kidogo, na ni rahisi. Lakini hakuna dawa ya kupulizia inayomfanya mtu anayepumua asinukie kwa mnyama huyu. Ukiwa na pesa za dawa hiyo, nunua buti nzuri na mafuta ya gari ya safari mbili za ukaguzi. Epuka pia sabuni za kufulia zenye viangazaji, kwa sababu jicho la kulungu linaona vizuri rangi za upande wa buluu. Rangi ya chungwa inayong'aa, kwa upande wake, kwake si kali kama inavyotuonekania sisi. Sheria ya Pennsylvania inataka inchi za mraba 250, sawa na sentimita za mraba 1,600 hivi, kichwani, kifuani na mgongoni kwa pamoja wakati wa msimu wa bunduki. Usiivue kwa kudhani inakufichua. Wanaokuhitaji uionyeshe ni watu wenye bunduki walio upande wa pili wa kichaka.

Je, maili tatu ndani? Hesabu kwanza. Maili tatu ni karibu kilomita tano, na dume aliyetolewa matumbo anaweza kuwa na kilo 60. Kumburuta kwenye magogo na mawe, peke yako, gizani, ni kazi ya saa nyingi, na kama joto liko juu nyama inaharibika njiani. Tena kwenye mapori mengi ya jimbo hili, ukienda maili tatu kutoka maegesho haya unatokea nusu maili kutoka maegesho mengine. Umbali wenyewe haumvutii kulungu, kinachomvutia ni kutosumbuliwa. Kilomita moja na nusu yenye mlima mkali au maji ya magotini inachuja watu kuliko kilomita tano za njia tambarare. Nenda mbali pale tu ramani na alama zinapokupeleka, na uwe na mwenzako au toroli ya kubebea.

Kuacha ardhi ya umma si lazima, ila unaweza kuipanua. Pennsylvania ina State Game Lands zenye ekari zipatazo milioni 1.5, na misitu ya jimbo yenye ekari zaidi ya milioni 2 ambayo pia iko wazi kwa uwindaji, mikubwa na yenye watu wachache kwa kila ekari, ingawa kulungu nao huenda wakawa wachache. Tazama vipande vilivyo kwenye DMAP, mpango wa jimbo wa vibali vya ziada vya kulungu: hapo wasimamizi wameomba majike wapunguzwe, na kibali hicho kinakupa nafasi ya ziada ya nyama. Kama nia yako ni kulisha familia kuliko pembe, hii ndiyo njia ya uhakika zaidi ninayoweza kukushauri. Msimu wa upinde, unaoanza vuli mapema, unakukutanisha na kulungu kabla hawajapigiwa risasi. Na baada ya Krismasi upo msimu wa bunduki za gumegume, kwa baruti na jiwe la kuwashia, ambapo mapori ni matulivu na njaa ya Januari inawatoa kulungu mapema jioni. Kuomba ruhusa kwa mkulima mdogo nako kunafaa. Nenda mwezi wa tano au wa sita, mchana, umevaa kawaida, ukajitolea kusaidia kazi za shamba. Ukibisha hodi Novemba umechelewa.

Yapo mambo ambayo maandishi haya hayatoshi, na unahitaji mtu wa ana kwa ana. Mipaka, siku za Jumapili zinazoruhusiwa na kanuni za viti vya mtini kwenye ardhi ya jimbo hubadilika. Mpigie askari wa wanyamapori wa wilaya yako au ofisi ya kanda ya Pennsylvania Game Commission kabla ya msimu. Kama uko Marekani kwa viza ya muda, ongea na mwanasheria wa uhamiaji kuhusu kumiliki na kubeba bunduki, maana sheria ya shirikisho ina masharti yake na leseni ya uwindaji pekee isikufanye ujione umemaliza. Kama umri umepita miaka arobaini na kifua hukaza ukipanda ngazi, muone daktari kwanza. Kuburuta mnyama kwenye baridi kumewaua watu kwa moyo. Ulingo wa kubebeka jifunze kuupanda na mtu mzoefu, ukiwa na mkanda wa mwili mzima uliofungwa kwenye mti tangu mguu unapoacha ardhi hadi unaporudi, na bunduki tupu ikipandishwa kwa kamba baada yako.

Ukimwona kulungu aliyekonda, anayedondosha mate, asiyekuogopa, usimguse, ripoti. Ugonjwa sugu wa kudhoofika kwa kulungu uligunduliwa Pennsylvania mwaka 2012, na kwenye maeneo yaliyotangazwa kuna masanduku ya kuachia vichwa kwa ajili ya kupimwa. Ukivuna ndani ya maeneo hayo, peleka kichwa, usihamishe ubongo na uti wa mgongo nje ya eneo, na nyama isiliwe hadi majibu yatoke.

Na ukimjeruhi, kaa ulipo, weka alama mahali aliposimama na mahali ulipomwona mwisho. Damu nyekundu yenye povu ni ya mapafu, na kwa kawaida hafiki mbali. Damu yenye majimaji ya kijani au harufu ya matumbo inamaanisha umngoje saa 6 hadi 8 bila kumfuata, kwa sababu akisukumwa atakwenda kilomita, na akiachwa atalala karibu. Jimbo linaruhusu mbwa wa kufuatilia damu akiwa kwenye kamba, na wapo watu wanaokuja naye kwa kupigiwa simu. Iandike namba yao kwenye simu yako kabla ya msimu. Akivuka mpaka na kuingia ardhi ya mtu, gonga mlango uombe, na ukikataliwa mpigie askari wa wanyamapori kabla ya kuvuka uzio.